Homoni moja, majina mawili

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na unifikishie shikamoo kwa mama. Nimefurahi kusikia ametoka hospitali na anaendelea vizuri.

Umeniuliza kama kolesistokinini na pankreozimini ni homoni mbili au moja, na kama mama, baada ya kutolewa kifuko cha nyongo, bado anayo. Ni moja, na anayo. Ila jina lenyewe ndilo linalopotosha watu, kwa hiyo nianze nalo.

Kolesistokinini limeundwa kwa Kigiriki: nyongo, mfuko, na kitenzi cha kusogeza. Yaani kinachousukuma mfuko wa nyongo ujikamue. Walioliunda ni watafiti Ivy na Oldberg, huko Marekani, mwaka 1928. Walikuwa wamechukua maji yaliyokamuliwa kutoka utando wa utumbo mwembamba, wakayadunga kwenye mshipa wa mnyama, na kifuko cha nyongo kikabana. Walichokiona ndicho walichokipa jina. (Hiyo nyongo ya Kigiriki imo pia katika neno kolesteroli, kwa sababu kolesteroli ilipatikana kwanza kwenye mawe ya nyongo. Udugu wao unaishia kwenye jina tu.)

Mwaka 1943, Harper na Raper wa Uingereza walikuwa wanashughulika na kongosho. Nao wakakuta kwenye utando wa utumbo huohuo kitu kinacholiamsha kongosho limwage vimeng'enya, yaani dutu za kuyeyushia chakula. Wakakiita pankreozimini. Kwa miaka mingi vitabu vikafundisha homoni mbili, kila moja na kiungo chake.

Waliomaliza mambo ni Jorpes na Mutt, kule Stockholm, miaka ya 1960. Walisafisha dutu hiyo kutoka utumbo wa nguruwe, na kadiri ilivyozidi kuwa safi, kazi zote mbili ziliendelea kwenda pamoja. Mwishoni walibaki na mnyororo mmoja wa asidi amino (vijenzi vya protini) 33. Ndipo watu wakaanza kuandika CCK-PZ (CCK ni kolesistokinini, PZ ni pankreozimini) ili wasimnyime mtu haki yake, na bila shaka kitabu chako chenye majina yote mawili ni cha enzi hizo. Baadaye PZ ikaachwa, kwa kuwa jina la 1928 lilitangulia. Siku hizi hata madaktari hulitaja kwa nadra jina lote. Wanasema CCK na kusonga mbele.

Mimi naona majina yote mawili ni finyu. Homoni hii hulipunguza tumbo kasi ya kumwaga chakula kwenye utumbo. Mwaka 1973 ilionyeshwa kwamba panya wakidungwa hula kidogo kuliko kawaida, kwa hiyo inahusika na shibe pia. Halafu ubongo nao huitengeneza, na huko hakuna nyongo wala mfuko wa kukamua! Na katika maabara kuna mtego mwingine: asidi amino tano za mwisho za CCK ni zilezile za gastrini, homoni ya tumbo, hivyo kipimo kisichokuwa makini kinaweza kuzichanganya.

Sasa kuhusu mama. Seli zinazotengeneza CCK ziko kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, hasa mwanzoni mwake. Kifuko cha nyongo kilikuwa kinapokea amri tu, na kilichoondoka ni mpokeaji mmoja. Mama akila mafuta au protini, homoni inatoka kama zamani, kongosho linaitika, na ule msuli unaobana mlango wa mrija wa nyongo unalegea. Ini halijaacha kutengeneza nyongo. Ila sasa inatiririka kidogo kidogo kuelekea utumboni bila kuwekwa akiba. Ndiyo maana mlo wenye mafuta mengi kwa mkupuo mmoja huwasumbua baadhi ya watu baada ya upasuaji huo. Ale nini na kiasi gani, hilo mfuate daktari wake, si mimi.

Na kwenye mtihani ukikuta CCK-PZ, isome CCK, wala usihesabu homoni mbili.

Niandikie mama akianza kutembea nje.

Rafiki yako,
Saida