Barua kwa mwanangu: lengo la kikundi lipimwe kwa wiki mbaya

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, baba yako anaendelea vizuri na mahindi yameshaingia ghalani. Nimefurahi kusikia kwamba wenzako wamekuchagua kuwa katibu wa kikoba chenu kipya, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, huko Morogoro. Umeniuliza muanze vipi, na katika barua yako umeandika kwamba lengo lenu ni "kuinuana kiuchumi". Kwa hilo hutajua Jumamosi jioni kama wiki imekwenda sawa au mmerudi nyuma. Lengo la kikundi lazima lihesabike mezani, mbele ya watu wote, kila mnapokutana.

Kabla ya jambo lolote, pangeni bei ya hisa, yaani kipimo cha akiba anachonunua mwanachama kila mnapokutana. Watu wengi hupanga kwa kumtazama mwenye duka kubwa siku aliyouza vizuri. Wewe mtazame mwenye kipato kidogo kuliko wote, wiki mtoto wake anaumwa, na umuulize anaweza kuleta shilingi ngapi bila kukopa. Akisema 2,000, hiyo ndiyo hisa moja. Mwenye uwezo atanunua zaidi, ila mwisho hisa 5 kwa mkutano, ili kikundi kisije kuwa mali ya watu watatu. Hisa ikiwa 5,000, kufikia Machi utaona mtu mmoja anaagiza mwenzake ampelekee, wa pili anakopa nje ili alete, wa tatu haonekani kabisa. Watasema ni uvivu, kumbe bei ndiyo iliyowashinda.

Sasa friji unalotaka kununua la kuuzia maji na juisi hapo gengeni. Umesema ni 400,000. Kwa hisa ya 2,000, hizo ni hisa 200. Mkianza Januari na kugawana katikati ya Desemba, mna mikutano kama 50. Usiandike "hisa 4 kila wiki" ukaridhika, kwa sababu biashara ya genge haiendi hivyo. Andika hisa 5 wiki nzuri na hisa 1 wiki mbaya. Wiki nzuri 38 zinakupa hisa 190, wiki mbaya 12 zinakupa 12, jumla 202. Umefika. Zikiwa mbaya 13, unapata 198, umepungukiwa 4,000. Kwa hiyo wiki mbaya unazoruhusiwa ni 12 tu, na nyingine tayari unazijua: Januari wateja wako pesa imeishia kwenye sare na madaftari, hizo ni nne, masika yakikolea barabara inaharibika na bidhaa zinachelewa, weka tano. Zinabaki tatu za ugonjwa na misiba. Chora visanduku 12 nyuma ya daftari lako, na kila wiki mbaya ikipita ufute kimoja. Ukiona Juni imefika na vimebaki viwili, punguza matumizi mapema au tafuta friji la bei ndogo zaidi. Usingoje Novemba.

Faida usiiweke kwenye hesabu hiyo. Siku ya mgao mtachukua fedha zote za mfuko wa hisa mgawanye kwa idadi ya hisa zote. Watu 20 wakinunua wastani wa hisa 3 kwa wiki, mwisho wa mwaka ni hisa 3,000, yaani 6,000,000. Riba na faini zikiongeza 900,000, kila hisa inakuwa na thamani ya 2,300, na hisa zako 202 zinakupa 464,600. Lakini mikopo miwili mikubwa isiporudi, hiyo ziada yote inaweza kupotea. Friji lako lisimame kwenye hisa peke yake.

Wazo lenu la kikundi kununua viti vya kukodisha ni zuri, maana harusi hapo mtaani haziishi. Ila msinunue viti kwa fedha za hisa. Hisa ni ya mtu na Desemba ataidai, kiti hakigawanyiki. Wekeni mfuko wake, na mkoba wake ndani ya sanduku la fedha za kikundi. Viti 100 kwa 12,000 ni 1,200,000. Kwa watu 20 na wiki 30, kila mmoja analeta 2,000 kwa wiki. Rudi kwa yule yule mwenye kipato kidogo: hisa moja 2,000, viti 2,000, mfuko wa jamii wa kusaidiana kwenye shida 500, jumla 4,500 katika wiki yake mbaya. Ikimzidi, anzeni na viti 50. Mchango unashuka hadi 1,000 na jumla yake inakuwa 3,500. Viti 50 vilivyonunuliwa vinakodishwa, vingine mtaongeza mwaka ujao.

Kufuatilia ndiko kunakoshinda vikundi vingi, na huko ndiko kazi yako ya ukatibu ilipo. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo wakae nazo watu watatu ambao si viongozi, na mtunza sanduku asiwe na hata mmoja. Fedha zihesabiwe na watu wawili kwa sauti. Mkutano ukiisha, taja kiasi kilichobaki katika kila mkoba na wote warudie. Mkutano unaofuata, kabla sanduku halijafunguliwa, waulize: kulikuwa na shilingi ngapi? Kisha hesabuni. Hapo hata asiyejua kusoma analinda fedha yake. Katika daftari la mwanachama, gonga muhuri kwa kila hisa, na nafasi zilizobaki zipige mstari hapo hapo, asije mtu akazijaza baadaye.

Mkopo usizidi mara tatu ya hisa za mkopaji. Mkopo wa mwisho wa miezi mitatu utoke wiki ya 34, ili wiki ya 47 uwe umerudi na mbaki na wiki tatu za kufuatilia. Baada ya hapo toeni ya mwezi mmoja tu, na wiki ya 43 mfunge kabisa. Kikundi kinachokopesha hadi mwishoni hugawana madeni badala ya fedha, na ugomvi wake huingia hadi kwenye familia.

Faini ya kuchelewa ni sawa. Faini kwa anayenunua hisa moja tu nakuomba uipinge hata wenzako wakikasirika, kwa sababu mtu huyo ameshaonyesha kwamba hana. Asiyekuja mikutano miwili mfuatano, mfuate nyumbani wiki hiyo hiyo, umuulize kilichobadilika. Wiki ya 25 fanyeni mapitio: kila mtu asimame aseme alipanga hisa ngapi, amefikisha ngapi. Aliyepungukiwa achague moja, apunguze lengo au aongeze hisa, na wewe uandike alichochagua.

Kusajili msisahau. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi kama chenu daraja la nne na inataka visajiliwe. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, atawaelekeza halmashauri. Fedha zikianza kuwa nyingi sandukuni, mfungue akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu.

Rasimu ya katiba nitumie kabla hamjaisaini. Kipengele cha mikopo nataka nikisome neno kwa neno, hasa pale panapoeleza nini kitafanyika mkopaji akihama mtaa.

Wasalimie wajukuu zangu na baba yao.

Mama yako