Barua kwa mwanangu: ile chupa ya 2005

Mwanangu Neema,

Hatujambo huku Hombolo. Babu yako mguu bado unamsumbua, lakini alfajiri lazima aende kutazama zabibu zake, na haambiliki.

Ujumbe wako nimeupata, pamoja na ile picha ya bei. Nilicheka, kisha nikakaa chini. Kumbe umeingia stoo ya mama mdogo wako, umeiona ile chupa yangu ya mvinyo wa 2005, ukaitafuta mtandaoni, na sasa unauliza kama tuiuze upate kompyuta mpya. Hapana. Na sababu siyo hiyo unayoidhania.

Septemba 2005 nilikuwa nakata zabibu Pauillac, huko Ufaransa, kaskazini mwa Bordeaux, kando ya mto Gironde. Wewe ulikuwa tumboni, miezi mitano. Msimamizi sikumwambia. Nilivaa koti la mvua la baba yako kutwa nzima, na mvua yenyewe haikuwepo. Ndivyo mwaka ule ulivyokuwa: mvua iligoma tangu majira ya baridi, kiangazi kikaja bila lile joto la kuunguza la 2003, na usiku ulikuwa wa ubaridi. Punje zilitoka ndogo, ganda nene. Sisi watu wa Dodoma ukame tunaujua kuwa ni njaa. Kule wazee walipita katikati ya mistari wakitafuna punje na kutabasamu. Mizabibu yao mikongwe imezamisha mizizi ndani ya kokoto, inajitafutia maji chini kabisa, na dhiki kidogo huifanya itie nguvu kwenye tunda badala ya majani.

Niache nikae kwenye hilo ganda kidogo. Rangi ya mvinyo mwekundu inatoka kwenye ganda, na ukakasi wake unatoka kwenye ganda na kokwa. Maji ya zabibu yenyewe hayana mambo. Ukakasi huo, wenyewe wanauita tanini, unaujua: ni ule wa chai ya rangi iliyochemka mno, ulimi unakuwa kama umepigwa msasa. Mvinyo wa Pauillac ukiwa mchanga ndivyo ulivyo, maana sehemu yake kubwa ni Cabernet Sauvignon, zabibu ya punje ndogo na ganda gumu. Lakini miaka ikienda ndani ya chupa, tanini zinashikana, zinakuwa nzito, nyingine zinazama na kuwa mashapo. Kinachobaki kinalainika. Rangi inaacha zambarau, inaelekea tofali. Harufu ya matunda inapungua, inaingia ya mwerezi, ya tumbaku, ya ngozi. Mwaka 2005 ulileta tanini nyingi na uchachu wa kutosha kuulinda mvinyo safarini, ndiyo maana tangu mwanzo watu walisema usubiriwe.

Babu yako haamini hata neno moja. Zabibu zake huvunwa mara mbili kwa mwaka, mvinyo wake hunywewa ungali mpya, na kwake yeye kitu kilichokaa miaka 20 ndani ya chupa ni siki.

Basi chupa zilipofika madukani, 2008, nikanunua moja: Château Lynch-Bages. Siyo shamba nililovuna, ila ni hapo hapo Pauillac. Mwaka 1855, Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, alipotaka mvinyo wa Bordeaux upangwe madaraja kwa ajili ya maonyesho ya Paris, Lynch-Bages iliwekwa la tano, la mwisho. Latour na Lafite, majirani zake, waliwekwa la kwanza, na kwa mshahara wangu hao walikuwa wa kutazamwa kwenye kioo cha duka. Ila hilo la tano limebaki kwenye karatasi tu. Mezani na sokoni wanaiheshimu kuliko hapo. Mwaka 1985 nusu chupa ya mvinyo wao wa 1975 ilipelekwa hadi anga za juu na Mfaransa Patrick Baudry, ndani ya chombo cha Discovery. Hilo nilimwambia baba yako pale dukani, aliponiuliza kwa nini nalipa karibu nusu ya kodi ya mwezi kwa chupa moja. Halikumtuliza.

Sasa ubaya wangu. Tulikaa ghorofa ya nne, chini ya paa, na sikuwa na pa kuiweka. Ililala juu ya kabati viangazi vitatu vizima. Mvinyo wa namna hii unataka giza na nyuzi joto 12 mpaka 14 hivi. Pale juu ya kabati hata mimi nilikuwa silali. Mama mdogo wako aliichukua 2011. Bei uliyoiona ni ya chupa iliyokaa kwenye ubaridi tangu siku ya kwanza. Mnunuzi atakuuliza ilitunzwa wapi. Ukimwambia ukweli, ataondoka. Ukimficha, umemwibia. Kwa hiyo haiuziki. Inanyweka tu, labda.

Imulike na tochi. Mvinyo ukiwa bado umefika shingoni, ni dalili njema. Ukiwa umeshuka mabegani, au juu ya kizibo kunanata, joto limeshausukuma nje. Isimamishe siku nzima ili mashapo yashuke. Kizibo kikivutwa kwa pupa kitakatika. Mimina taratibu kwenye jagi, weka mshumaa nyuma ya shingo, na ukiona mashapo yanakuja, acha hapo hapo. Pika nyama, na ile pilipili yako iache kabatini. Mwite mama mdogo, ndiye aliyeilea.

Ikinuka boksi lililolowa, kizibo kiliharibika, siyo mimi. Ikinuka jamu iliyoungua, ni mimi.

Za kompyuta nitatuma nusu babu yako akishauza zabibu. Kizibo usikitupe. Amesema uje nacho Desemba, anataka kukinusa mwenyewe.

Mama yako