Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Kisumu: Anayetafuta mtoto naye apangiwe

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Kondele. Kwa miaka sita hedhi yangu ilikuja baada ya miezi mitatu, mara nyingine minne, na ndevu zikaniota kidevuni. Kituo cha kwanza walinipa vidonge vya kusafisha tumbo. Cha pili wakaniambia nipunguze mawazo. Hakuna aliyeniuliza hedhi hukaa siku ngapi ndipo irudi. Mawifi walikuwa wameshanipa jina: tasa.

Swali hilo moja lingetosha kuanzia. Mwanamke anayepitisha siku 35 kila mara bila hedhi, huenda ovari zake hazipevushi yai. Mara nyingi chanzo ni hali inayoitwa PCOS: vifuko vya mayai huanza kukua, homoni zikavurugika, vyote vikakwama njiani. Shirika la Afya Duniani linakadiria inawapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Mimi niliijua kwa picha ya tumbo na kipimo cha damu. Wengi husaidiwa na letrozoli, dawa ya kusaidia ovari kupevusha yai, inayomezwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Vidonge, Mheshimiwa!

Yuko pia yule ambaye ovari zake zinachoka kabla hajafika miaka 40. Huyo ndiye ninayemlilia zaidi. Tunazaliwa na mayai yetu yote, hayaongezeki. Kila mwaka anaozungushwa haurudi.

Vituo vyetu vina chumba cha kupanga uzazi. Ukiingia unaulizwa: sindano, vidonge au kipandikizi? Lakini kutafuta mtoto nako ni kupanga. Naomba muuguzi wa Ahero, Kombewa au Muhoroni aweze kumwandikia vipimo mwanamke aliyejaribu miezi 12 bila mimba, au miezi 6 ikiwa amepita miaka 35. Mume naye apimwe mbegu wiki hiyo hiyo. Wangu alikataa miaka minne, kwa kuwa hakuna daktari aliyewahi kumwambia kwamba jambo hili linamhusu.

Chumba kipo, wauguzi wapo. Tunasubiri agizo lako, mimi na wateja wanaoniuliza mambo haya kwa sauti ya chini ninapowapima nguo.

Wako,
Fundi wa Kondele