Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wastaafu, Katuba, Lubumbashi: Mwaka 2024

Ba papa na ba mama, wanachama wapendwa,

Mambo ya kawaida mnayajua, nayapitia haraka. Tulizibua mfereji wa soko mara mbili kabla ya mvua, tulifika kwenye matanga matano, tulisindikiza wenzetu waliofuatilia pensheni yao CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Barua yetu kwa daktari mkuu wa zoni ya afya ilipelekwa. Nakala yenye muhuri wa kupokelewa iko kwa katibu. Asiyeamini akaione.

Sasa neno linalosemwa pembeni, kwamba mwenyekiti amekula feza ya wafu. Mkutano wa Februari ulipunguza msaada wa matanga kutoka FC (faranga za Kongo) 100,000 hadi 60,000 ili tununue mashine mbili za kupima presha. Tulikuwa watu 19. Wanaopiga kelele leo ni wale waliobaki nyumbani siku ile. Matanga matano mara 40,000 ni FC 200,000. Mashine pamoja na mkanda mpana wa kufunga mkononi zimekula 266,000. Feza ya matanga haikutosha hata kununua mashine zenyewe, mimi ningekula ipi?

Huo mkanda mpana ndio uliolalamikiwa zaidi. Mkanda wa kawaida ukibana mkono mnene, mashine inasoma presha kubwa kuliko iliyopo. Mwanzoni tulitisha watu bure. Tena Juni, kwa ajili ya baridi, wengi walipimwa juu ya pulova, na wengine walishuka kwenye taksi-bisi wakanyoosha mkono papo hapo, bado wanahema. Tangu Julai utaratibu ni mmoja. Mtu aende kwanza chooni, kisha akae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono bila nguo juu ya meza usawa wa moyo. Kahawa na sigara, hapana, nusu saa nzima kabla. Tunapima mara mbili, dakika moja katikati, tunaandika zote mbili. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na siku nyingine ikarudi vilevile, ndipo anapewa karatasi ya kwenda kituo cha afya. Utaratibu huu niliuleta mimi, ingawa kwenye kumbukumbu za katibu sikuona hilo limeandikwa.

Kwenye meza ya kupima sukari ya damu, Desemba, mama mmoja alisoma 310, juu sana. Alipewa sabuni, akanawa, akakausha, akachomwa kidole kingine: 112. Alikuwa ametoka kumenya embe. Msimu wa maembe basi, maji na sabuni vinatangulia sindano. Kopo moja la vipande vya kupimia liliachwa wazi siku ya mvua. Unyevu ukaviharibu vyote. Aliyeliacha wazi anajijua.

Daftari la vipimo ndilo tuliloambatanisha na ile barua ya zoni ya afya. Zamani tulikuwa tunaenda kulia kwamba wazee wamesahauliwa, tunajibiwa poleni. Safari hii tuliomba vitu vitatu: asubuhi moja kila juma kwa wazee tu, benchi kivulini, na amlodipine, dawa ya presha, isikosekane farmasi ya kituo. Mtu akikatiza kidonge, presha inapanda tena hata kama kichwa hakimuumi, na huko ndiko wengi wanakodanganyika. Benchi tumepata. Mengine mawili tumeahidiwa kwa mdomo. Mpango wa afya kwa wote uliozinduliwa Kinshasa mwaka 2023 ulianza na uzazi na watoto wachanga. Ni vema, ila umri huo sisi umetupita.

Feza. Wanachama 86, mchango FC 2,000 kwa mwezi. Waliolipa mwaka mzima ni 31, nusu mwaka 22, na 33 hawakutoa hata mwezi mmoja. Jumla iliyoingia 1,008,000 badala ya 2,064,000. Zilizotoka: matanga 300,000, mashine na mkanda 266,000, vipande vya kupimia sukari 180,000, betri 30,000, fotokopi na nauli 72,000. Zimebaki 160,000, ziko kwa mtunza feza.

Mikutano ilikuwa 12. Mitatu tu ndiyo iliyofikisha nusu ya wanachama, na yote mitatu ilikuwa siku ya kugawa unga. Siku ya kwenda zoni ya afya tulikuwa wanne. Daktari akauliza kama ndio chama chote. Nilimwambia wengine wanaumwa, na bado naona haya kwa jibu hilo.

Mwaka huu tungependa kupata mtu wa kupima macho, na pengine kurudisha matanga kuwa 100,000 kama michango itaruhusu. Wenye madeni watalipa lini, hilo waniambie wenyewe Jumamosi ya kwanza ya Februari, saa tatu. Kila mmoja aje na kadi yake ya vipimo, na pulova yenye mikono inayopanda hadi begani.

Mwenyekiti