Umri wa mnywaji ukaguliwe mezani, si mlangoni pekee

Mhariri,

Tangu Serikali izindue sera mpya ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, mwishoni mwa Julai 2025, ikipendekeza umri wa kunywa pombe upande kutoka miaka 18 hadi 21, watu wamebishania nambari tu. Wanaoendesha baa na mikahawa wana swali ambalo halijaulizwa: ni nani atakayekagua umri huo, saa ngapi, na kwa kutazama nini?

Ieleweke kwanza kwamba sera si sheria. Hadi Bunge liibadilishe Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wengi bado huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, umri ni 18. Na sheria hiyo haikatazi kumuuzia mtoto pekee. Inamzuia mwenye leseni kumruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia sehemu pombe inaponywewa. Ukizunguka sehemu za nyama choma Jumapili mchana, bembea ziko hatua chache kutoka kwa meza zilizojaa chupa, utajua jinsi kifungu hicho kinavyoheshimiwa.

Kwa sasa ukaguzi ni rahisi kwa sababu moja: kitambulisho cha taifa hakitolewi kabla ya mtu kutimiza miaka 18. Baunsa akishaona kadi halisi yenye sura ya aliyeibeba, kazi imekwisha. Pandisha umri hadi 21 na njia hiyo ya mkato inakufa. Kila mhudumu atalazimika kusoma tarehe ya kuzaliwa na kupiga hesabu, taa zikiwa hafifu na foleni ikisukumana. Marekani, ambako sheria ya 1984 ilitumia tishio la kupunguza fedha za barabara kuyasukuma majimbo yafikie 21, majimbo mengi huwapa walio chini ya umri huo leseni ya udereva iliyochapishwa wima badala ya kulala. Mhudumu huitambua kabla hata hajasoma herufi moja. Kadi zetu, ya zamani na ile mpya ya Maisha Namba, hazina alama ya kumtenga mwenye miaka 18 na mwenye 21. Mbona jambo hilo halitajwi na wanaoshabikia 21?

Hesabu yenyewe isiachiwe kichwa cha mhudumu. Meneja aandike tarehe moja kwenye ubao nyuma ya kaunta kila siku kabla ya kufungua. Tarehe 15 Agosti 2025, kwa mfano, ubao useme: "Aliyezaliwa 15 Agosti 2007 au kabla." Kwa miaka 21 ingekuwa 2004. Kosa la kawaida ni kutazama mwaka peke yake, na hivyo kumpitisha aliyezaliwa Novemba 2007 ambaye bado amebakiza miezi mitatu kufikia 18.

Kadi ishikwe mkononi, nje ya pochi. Picha ya kadi kwenye simu isikubaliwe, kwani tarehe hubadilishwa kwa programu za bure kwa dakika chache. Nakala ya karatasi na kitambulisho cha chuo pia havitoshi: kuwa chuoni si kuwa na miaka 18.

Ujanja unaosumbua zaidi ni kadi halali ya mtu mwingine, hasa ya kaka au dada. Picha za kadi ya zamani hazina rangi na nyingi zilipigwa mwenyewe akiwa na miaka 18, basi nywele na unene havisaidii. Tazama masikio, nafasi kati ya macho, na umbo la kidevu. Kisha uliza swali. Aliyeazima kadi huwa amekariri jina na tarehe ya kuzaliwa, lakini ni nadra kugeuza upande wa nyuma. Kwenye kadi ya zamani huko nyuma kuna lokesheni na kata ndogo. Muulize kata ndogo yake huku kadi ukiwa nayo wewe. Mwenye kadi hujibu bila kufikiri. Mwazimaji humtazama mwenzake.

Kasoro kubwa, hata hivyo, ni kwamba ukaguzi wetu umewekwa langoni na hufanywa usiku. Baunsa huanza kazi jioni, ilhali vijana waliokuja saa tisa mchana kula kuku na chipsi bado wameketi, na hakuna atakayewafuata. Kikundi kingine humtanguliza mmoja mwenye kadi, anayeagiza mzinga na glasi sita. Mzinga ni chupa ya pombe kali ya mililita 750, yaani toti 25 za mililita 30. Mhudumu akiuza mzinga mmoja kwa mtu mmoja, amewanywesha wote sita bila kumwuliza hata mmoja kati ya watano waliobaki.

Kwa hiyo kanuni ya mezani iwe hii: glasi moja, kadi moja. Anayeonekana mdogo na hana kadi, glasi yake haiji. Kama meza ina yeyote asiye na kadi, pombe iagizwe kwa glasi au chupa ndogo ya bia, si kwa mzinga wala jagi, maana jagi la mchanganyiko wa juisi halijulikani limemwagiwa nani. Pia mhudumu mpya anayeingia zamu achunguze meza upya, asiseme "waliangaliwa mlangoni". Uingereza wana desturi nzuri hapa: umri wa kisheria ni 18, lakini sehemu nyingi humwomba kitambulisho yeyote anayeonekana hajafika 25. Pengo hilo la miaka saba humwondolea mhudumu kazi ya kukisia, na mteja wa miaka 23 haoni amedharauliwa kwa kuwa kila mtu anajua utaratibu.

Utoaji wa leseni za vileo ni kazi ya kaunti tangu Katiba ya 2010. Wakaguzi wake hupima umbali kutoka shuleni, ambao kisheria ni mita 300, hutazama vyoo, hutazama saa za kufungua. Waongeze jambo moja: daftari la waliokataliwa. Safu tano zinatosha, yaani tarehe, saa, nambari ya meza, sababu na sahihi ya mhudumu. Baa iliyo karibu na chuo ikionyesha daftari tupu la miezi mitatu, hapo pana uongo, na mkaguzi arudi Ijumaa usiku.

Liko pia suala la pesa, na hapa ndipo kanuni nyingi nzuri hufia. Katika baa nyingi mhudumu hulipia vinywaji kaunta kwa pesa zake, kisha humdai mteja. Chupa ikishafunguliwa ni deni lake. Mtu wa namna hiyo akigundua mnunuzi ni mtoto, atanyamaza. Kadi ikaguliwe kabla ya oda kupelekwa kaunta, na chupa ikirudishwa kwa sababu ya umri, hasara iwe ya mwenye baa. Anayemkata mhudumu mshahara kwa chupa hiyo ndiye wa kwanza anayestahili kunyimwa leseni.

Mkufunzi wa wahudumu wa hoteli na baa,
Nakuru