Kostiki huoshwa kwa maji, si kwa ndimu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nikiwa binti na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa kuvumilia. Ile habari yenu ya lori la kostiki soda, kemikali kali ya kutengenezea sabuni, lililopinduka imeniuma, na kilichoniuma zaidi ni sentensi moja, kwamba vijana wawili waliomwagikiwa walipata huduma ya kwanza kwa kupakwa maji ya ndimu na wasamaria wema. Mkaiandika, mkaweka nukta, mkaendelea na foleni ya magari.

Mimi natengeneza sabuni ya mche hapa Morogoro, huu ni mwaka wa 19. Kostiki naijua. Ni magamba meupe, ukiyaacha wazi asubuhi, mchana unayakuta yamelowa kwa unyevu wa hewa tu. Ukiyatia kwenye maji, ndoo inapata moto hadi huishiki. Yakikugusa penye jasho, mwanzoni husikii kuungua, unasikia utelezi kama umeshika sabuni. Na kweli ni sabuni, maana ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanayogeuzwa. Maumivu yakija, kostiki imeshazama ndani.

Mwaka 2014 kijana aliyekuwa akinisaidia kazi alikuwa anakoroga, mwiko ukamponyoka, tone likamrukia jichoni. Tone moja. Miwani ya kazi ilikuwa inaning'inia kwenye msumari, na mimi nilikuwa sokoni. Jirani yangu, mwanamke mwema ambaye mpaka leo tunafaana kwa shida na raha, alikata ndimu akamkamulia kwenye jicho lile lile, kisha akamtuma mtoto dukani kutafuta maziwa. Pipa la maji la lita 200 lilikuwa hatua nne kutoka pale. Niliporudi nilimkuta yule kijana kwenye kigoda, kope zimevimba, analia bila sauti, na kipande cha ndimu kiko chini kwenye mchanga. Nilimlaza nikammiminia maji kwa jagi mpaka pipa likabaki nusu, lakini dakika za mwanzo, zile zenye thamani, zilikuwa zimekwisha kupotea kwenye ndimu na maziwa. Tukakimbilia zahanati moja. Pale dirishani tukaambiwa tulete kwanza PF3, fomu ya majeruhi, kutoka polisi. Nikasema muosheni jicho, hiyo karatasi naifuata mimi kwa miguu yangu. Bomba lilikuwa ukutani, nyuma ya yule aliyekuwa akitujibu. Hakuna aliyelifungua. Leo jicho lile lina ukungu mweupe. Anaona mwanga wa dirisha, sura ya mtoto wake haioni. Ndiyo maana nikisoma "maji ya ndimu" kwenye gazeti linalosomwa nchi nzima, nasikia mwili unanisisimka. Ndimu haizimi kostiki kwenye ngozi. Zikikutana zinaongeza joto juu ya kidonda, na muda unaotafuta kisu cha kuikatia ndio muda jicho linakufa. Dawa ni maji safi, mengi, papo hapo, nguo zilizolowa zikivuliwa wakati maji yanamiminika. Jicho lioshwe nusu saa nzima, kope zimeshikwa wazi hata mgonjwa akipiga kelele, ndipo safari ya hospitali ianze.

Sasa nije kwenye picha yenu. Inaonyesha mama ameinama anazoa magamba kwa sufuria. Sufuria zetu ni za alumini! Kostiki ikipata unyevu kidogo inaila alumini, inachemka yenyewe bila moto na kutoa hewa ya haidrojeni, ambayo inawaka. Yule mama aliondoka nayo nyumbani, pengine akaiweka jirani na jiko la mkaa. Kuna mtu yeyote wa gazeti aliyemfuata kumwambia? Mimi nilikuwa hapa tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, watu wakakimbilia na vidumu, likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Nilidhani baada ya siku ile hakuna tena atakayekimbilia lori lililolala ubavu akiwa na chombo mkononi.

Mkaandika pia, kwa kusifu, kwamba vijana wa kuosha magari walileta mipira yao wakasukumia yote mtaroni. Maji mengi ni ya mtu aliyemwagikiwa. Magamba yaliyolala barabarani hayasukumwi kwa mpira. Yanafunikwa kwa turubai au mchanga mkavu, watu wanarudishwa nyuma mita 25 kila upande, na kama ni ya majimaji ni mita 50, na mtaro unazibwa kwa udongo mpaka wataalamu wafike. Kanada, Agosti 2005, treni ilimwaga takriban lita 40,000 za kostiki kwenye mto Cheakamus, wakafa samaki wanaokadiriwa nusu milioni. Ingekuwa hapa kwetu, mtaro ule ungeishia mto Ngerengere, Ngerengere inaingia mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha Dar es Salaam.

Na kwa kuwa nimeshashika kalamu, kuna hili la madukani. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ipo tangu mwaka 2003, lakini kostiki bado inapimwa kwenye vifuko vya nailoni, inawekwa rafu moja na chumvi na sukari. Mbaya zaidi ni ile iliyokwisha kuyeyushwa, inauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, kizibo kile kile, karatasi ile ile ya bluu. Mtoto mwenye kiu atajuaje? Mimi mteja akija na chupa ya namna hiyo namrudisha, ananitukana, anaenda kwa mwingine anapata.

Ninachoomba ni hiki. Kila lori lenye kostiki lifungwe pipa la lita 200 la maji safi, la bluu, na jagi limefungwa kwa kamba lisiibiwe. Kile kibao cha chungwa chenye namba ya hatari, 1823 kwa magamba au 1824 kwa majimaji, kibaki, lakini ubavuni paandikwe kwa herufi za urefu wa shubiri mbili: HII SI CHUMVI, INAUNGUZA, PIGA ZIMAMOTO 114. Utingo afundishwe kufungua lile pipa kabla hajapanda gari.

Nanyi chapisheni masahihisho kuhusu ndimu ukurasa ule ule, kwa ukubwa ule ule wa maandishi. Yule kijana wangu ananunua gazeti lenu kila Jumamosi, binti yake humsomea.

Mtengeneza sabuni,
Morogoro