Shukrani kwa bibi wa ghorofa ya pili

Bibi yangu wa Ulaanbaatar, Mongolia, shikamoo, na asante sana. Nilipohamia jengo lenu, kwa Kimongolia nilijua salamu tu. Ukanishika mkono mpaka jikoni kwako, ukanipa ufagio: “shüür”. Ukanionyesha mabakuli yenye utando wa chai ya maziwa: “ayaga ugaakh”. Kisha beseni la nguo: “khuvtsas ugaakh”. Nilishangaa, maana sisi vyombo tunaosha, nguo tunafua; kwenu ni ugaakh hiyo hiyo, hata uso. Ile kh ya kooni ilinishinda, nawe ukairudia taratibu, mara kumi kama si zaidi, huku umenishika bega. Leo naomba maji, us, bila kunyoosha kidole. Bayarlalaa, asante, bibi. Mungu akuweke.